Ngazi Yenye Viatu vya Chuma

Chuoni, 3 Februari

Fundi wangu,

Nimefika salama, ila mgongo umefika baadaye. Nimepewa kitanda cha juu. Fikiria mwenyewe: mama mzima wa miaka arobaini na mmoja anakwea kitanda kama kuku anayetafuta pa kulala, na wasichana watatu wa chumbani wamesimama chini wakicheka kwa adabu. Wameshaniita Bibi. Nimeitika, maana nisipoitika wataniita hivyo hivyo nikiwa sipo.

Simu hapa ni moja, iko ofisini kwa karani, na karani anasema ni ya misiba tu. Basi tutaandikiana kama wachumba. Usiniambie huna la kuandika. Wewe ukikaa na rafiki yako Chokaa barazani mnamaliza mchana mzima mkizungumzia bawaba.

Sasa nikuambie jambo, na ukicheka sikuandikii tena. Leo tumepewa jaribio ili mkufunzi ajue nani anajua nini. Swali la tatu lilikuwa la ngazi. Ngazi imeegemea ukuta laini, imesimama kwenye sakafu yenye msuguano, mtu anapanda. Je, atafika wapi kabla ngazi haijateleza? Mimi, mke wa mchonga ngazi, niliyeanika nguo miaka yote kwenye ngazi zilizokataliwa na wateja, nimepata sifuri. Mkufunzi ameandika kwa wino mwekundu: "Mshale wa msuguano umeelekea siko."

Mwezi wa nne kuna mtihani. Atakayeanguka anarudishwa nyumbani, na shule yetu itabaki bila mwalimu wa fizikia kama ilivyokuwa. Sikuiacha nyumba yangu nije nirudishwe kama barua isiyo na anwani. Hilo swali nitalikalia mpaka liseme.

Mwambie binti yetu asiache sufuria likaungua tena.

Mkeo,
Mwalimu


Nyumbani, 14 Februari

Mwalimu wangu,

Nimecheka. Niadhibu ukirudi.

Nimemsomea Chokaa barua yako, naye akacheka mpaka akamwaga rangi. Anasema angekuwa yeye angejibu hilo swali kwa mstari mmoja: "Mtu atafika alikotumwa." Na mimi nakuambia kama mtu wa kazi, ngazi haina swali. Unaiegemeza, unaitikisa kidogo, unapanda. Mkufunzi wako amewahi kupaka dari?

Huku kazi si haba. Nimeanza jambo jipya, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Ngazi zangu sasa zinavaa viatu. Kila mguu naufunika chini kwa kipande cha chuma laini, nakikunja pembeni na kukipiga misumari. Mchwa hawali chuma, na mguu hauchakai ukiburutwa. Ngazi ya vidato kumi na viwili, ukiiegemeza inafika mita nne juu, inang'aa miguuni kama bwana harusi. Watu wanazigombania. Ya kwanza ameichukua Chokaa, kwa sababu amepata kazi kubwa: kupaka ule ukumbi mpya wa mikutano, dari na kuta zote.

Sufuria limeungua, lakini ni mimi.

Mumeo,
Fundi


Chuoni, 25 Februari

Fundi,

Limesema! Lile swali limesema!

Nilikosa kwa sababu nilidhani ukuta ndio unaoibeba ngazi. Sivyo. Ukuta laini haubebi kitu. Unaisukuma ngazi nje tu, kama mlinzi asiyekutaka mlangoni. Uzito wote, wa ngazi na wa mtu, unabebwa na sakafu. Sasa kama ukuta unausukuma mguu uende nje, nani anaurudisha ndani? Msuguano wa sakafu, peke yake. Mshale wake unaelekea ukutani. Mimi nilikuwa nimeuelekeza mlangoni!

Na hapa ndipo penye utamu. Mtu akiwa kidato cha chini, ukuta unasukuma kidogo. Kila anapopanda, ukuta unazidi kusukuma, na msuguano unatakiwa uzidi kukaza. Lakini msuguano una mwisho wake. Ukifika mwisho, hauongezeki hata kwa dua. Ndiyo maana ngazi inaweza kumbeba mtu vizuri mpaka katikati, kisha ikamwacha juu.

Nilimweleza hivyo msichana wa kitanda cha chini, akaniambia, "Bibi, ni saa saba usiku, nionee huruma." Lakini asubuhi alikuja mwenyewe na daftari.

Hivyo viatu vya ngazi nimevipenda kwa kuvisikia. Mchwa wamepatikana.

Mkeo,
Mwalimu


Nyumbani, 12 Machi

Mwalimu,

Sisi wazima. Binti mzima. Mvua imenyesha mara moja.

Chokaa amepumzika kazi kidogo.

Nina swali, ni swali tu. Katika hiyo fizikia yenu, ngazi ikiteleza, kosa ni la nani? La ngazi, la mtu, au la sakafu? Nijibu upesi.

Mumeo


Chuoni, 19 Machi

Fundi wangu,

Umenifurahisha kuliko unavyojua. Nilidhani barua zangu za mishale unazisoma huku ukipiga miayo, kumbe unawaza.

Jibu: fizikia haijui kosa, inajua namba. Kila vitu viwili vinavyogusana vina namba yao ya msuguano. Mbao na saruji ni marafiki, wanashikana sana. Barafu na kiatu ni maadui. Ngazi inahitaji namba fulani, sakafu inatoa namba fulani. Sakafu ikitoa pungufu ya inayohitajika, ngazi inakwenda, hata mpandaji awe mtawa.

Kama unataka, nikupe jaribio la kufanya mwenyewe karakanani. Tafuta kigae kimoja cha sakafuni. Weka juu yake kipande cha kile chuma chako. Inua upande mmoja wa kigae pole pole mpaka chuma kianze kuteleza, kisha ushikilie hapo. Tupa timazi, ile kamba yako yenye uzito, kutoka pale juu, upime kimo cha kwenda juu na urefu wa chini sakafuni, toka timazi hadi ukingo wa kigae uliobaki chini. Gawanya cha juu kwa cha chini, namba ya msuguano ndiyo hiyo. Hakuna uchawi. Nitumie vipimo, tuone nani mwanafunzi mzuri kati yetu.

Chokaa amepumzika nini? Yule hajawahi kupumzika tangu nimjue, hata akila anaimba.

Mkeo,
Mwalimu


Nyumbani kwa Chokaa, 24 Machi

Shoga yangu,

Nadhani mumeo hajakuambia, kwa sababu ungekuwa umeshaniandikia.

Mume wangu ameanguka ukumbini mwanzoni mwa mwezi huu. Ngazi ilimkimbia akiwa kidato cha tisa. Nyonga imevunjika, na mguu uko kwenye plasta mpaka juu. Daktari anasema atatembea, ila si kama zamani. Namshukuru Mungu kichwa hakikugonga.

Hayo ni ya mwili, tutayavumilia. Linaloniuma ni jingine. Msimamizi wa ukumbi amewatangazia watu kwamba Chokaa alikuwa akicheza juu ya ngazi. Unamjua mume wangu. Anaimba kazini, ndiyo, lakini hajawahi kucheza juu ya ngazi. Anasema aliiegemeza kama siku zote, miguu mita moja na nusu kutoka ukutani, akaitikisa, akapanda. Hakuna anayemsikiliza. Watu wawili waliomwahidi kazi wametuma neno kwamba wametafuta mwingine. Nani atamwita mpaka rangi anayecheza angani?

Na mumeo, shoga, samahani nikisema. Anakuja kila siku. Analeta matunda, anakaa kitini, anaangalia ile plasta. Juzi mume wangu akamwambia, "Fundi, wewe unaijua ngazi ile kuliko mtu yeyote. Waambie sikucheza." Mumeo akasema anakwenda kuangalia mvua. Hakukuwa na mvua.

Mimi sijui mambo ya ngazi. Nakuandikia kwa sababu wewe ni mtu wa kusema.

Mke wa Chokaa


Nyumbani, 27 Machi

Mwalimu wangu,

Nimefanya jaribio lako. Nimepata kigae, ni masalio ya vile vya ukumbini, na chuma changu. Nikainua pole pole kama ulivyosema. Mwalimu, kilitulia! Kigae kinapanda, chuma kimekaa tu kama mkwe aliyeshiba. Hakikuteleza mpaka kimo kikafika sentimita kumi, na chini sentimita arobaini.

Kwa hiyo naona chuma changu kina msuguano mwema. Sivyo? Niandikie hivyo. Niandikie vizuri, kwa namba, na utie sahihi, maana kuna watu nataka kuwaonyesha.

Mumeo,
Fundi


Chuoni, 4 Aprili

Mume wangu,

Barua yako na ya mke wa Chokaa zimefika pamoja. Nimezisoma zote mbili nikiwa nimesimama, kisha nikakaa kitako kwenye ngazi za bweni, sikwenda kula.

Umeniomba namba. Hizi hapa, na sahihi nimetia chini.

Kumi kwa arobaini ni 0.25. Ndiyo namba ambayo chuma chako na kile kigae vinaweza kutoa. Hakuna zaidi.

Sasa ngazi. Tuseme yenyewe ina kilo kumi na mbili, na Chokaa kilo sabini. Miguu iko mita moja na nusu kutoka ukutani, kichwa kiko mita nne juu. Chokaa akiwa katikati, ngazi inahitaji 0.19. Inayo. Yuko salama, anaimba. Akifika kidato cha nane inahitaji 0.24. Bado inayo, lakini kwa unywele. Akikanyaga kidato cha tisa inahitaji 0.27.

Haina.

Nimeirudia mara nyingi, Fundi. Nimewapa wenzangu chumbani bila kuwaambia ni ya nani, nao wakaleta jibu lile lile. Chokaa hakucheza. Hata angesimama kama sanamu, angeanguka, na angeanguka pale pale alipoanguka. Kwenye udongo chuma kinauma ardhi, ni kizuri. Kwenye saruji yenye mikwaruzo kinavumilika. Lakini watu wameacha saruji, wanaweka vigae, na sisi tumewatengenezea ngazi yenye miguu ya kuteleza juu ya vigae. Mbao tupu ingemshika.

Nimesema "sisi" kwa sababu nilikuandikia kwamba viatu hivyo nimevipenda. Nilikuwa na fizikia yote mkononi, na sikufikiria.

Najua ulinyamaza kwa nini. Chokaa akiwa na kosa, ngazi hazina. Lakini yule ni rafiki yako, analala chali, na jina lake linaliwa mchana. Na hizo ngazi nyingine zimeegemea wapi sasa hivi? Nani yuko kidato cha nane?

Nenda kwa msimamizi. Sema. Kisha zifuate ngazi zote uvue hivyo viatu. Nakupenda, na hesabu ndiyo hiyo. Sikuweza kuibadilisha kwa sababu nakupenda.

Mkeo,
Mwalimu


Chuoni, 20 Aprili

Fundi,

Kimya chako nimekipokea.

Mtihani ni kesho. Usiku naota vidato. Kama umenikasirikia, kasirika, ni haki yako, lakini kasirika huku ukitembea. Kila siku unayokaa ndani na hasira, kuna mtu anapanda ngazi yako akidhani fundi wake anajua anachofanya.

Nikianguka mtihani nitarudi mwezi ujao na tutakwenda nyumba kwa nyumba pamoja. Nikifaulu, nitaomba ruhusa nije hivyo hivyo. Kwa vyovyote zitavuliwa. Ni wewe tu uchague kama nitakukuta umeanza.

Wako,
Mwalimu


Nyumbani, 6 Mei

Mwalimu wangu,

Kaa chini usome, hii ni ndefu. Mkono wangu umezoea randa, utaona mistari inavyopinda.

Barua yako ya hesabu ilinikasirisha, na si kwa sababu ilikuwa ya uongo. Niliikunja nikaitia chini ya boksi la misumari. Nikasema moyoni, mwanamke amekwenda kusoma ili aje anihukumu. Kisha nikachukua kigae. Nikabadilisha chuma. Nikabadilisha kigae. Nikapangusa, nikapaka vumbi, nikajaribu asubuhi na nikajaribu jioni. Kila mara, kumi kwa arobaini, au chini ya hapo. Nikatambua kwamba hesabu haina shemeji.

Barua yako ya pili ilipofika sikuwa na hasira tena. Nilikuwa na aibu, na aibu inakaa mahali pale pale pa hasira, ila ni nzito zaidi. Nilikwenda kwa Chokaa, nikamwambia yote mbele ya mkewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Tangu lini unajua?" Nikamwambia, "Kujua kwa namba, tangu barua ya mke wangu. Kushuku, tangu siku uliyoanguka." Akageuza uso ukutani. Mkewe akanifungulia mlango nitoke. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kesho yake nikaenda ukumbini. Nikamwambia msimamizi, "Mzee, naomba ukumbi wako kwa saa moja."

"Wa nini?"

"Nataka kuiangusha ngazi yangu."

Akaniangalia macho, akaniangalia mikono. "Fundi, una homa?"

"Sina. Waite na waashi wako wote waje waone. Kama nitaharibu kigae nitakirudisha."

Nadhani alikubali kwa kutaka kuona kichaa changu. Nikarudi kwa Chokaa, nikapiga hodi kama mgeni, nikamwomba aje. Mkewe akakataa. Chokaa akasema, "Niinueni." Tulimlaza kwenye mkokoteni wangu wa mbao, juu ya godoro, na watu njiani wakadhani tunakwenda kuzika. Akawa anawapungia mkono.

Ngazi ilikuwa ile ile. Waliitupa nyuma ya ukumbi, haijavunjika hata kidato. Nikaiegemeza pale pale, mita moja na nusu, Chokaa akiniambia "sogeza kulia kidogo". Kwenye duka la nafaka nilikuwa nimepima mchanga, kilo sabini, kwenye viroba viwili vilivyofungwa pamoja na kulabu juu. Waashi wakasimama kwenye jukwaa lao pembeni wanisaidie kuvitundika.

Tukatundika kidato cha tano. Ngazi kimya. Cha saba, kimya. Cha nane, ikalia kidogo, ikakaa. Msimamizi akacheka. "Si niliwaambia? Ngazi nzima kabisa. Mchanga hauchezi."

Nikasema, "Kidato cha tisa."

Mwashi mmoja akanong'ona, "Fundi, tuache tu, heshima yako bado ipo." Nikamwambia apandishe.

Mwalimu, sikuwahi kuona kazi ya mikono yangu ikifanya vile. Kulabu iligusa kidato cha tisa, waashi wakaachia, na miguu ikaondoka. Haikuruka wala haikuvunjika. Iliondoka tu, laini, kama mtu anayetoka mkutanoni bila kuaga. Kichwa kikashuka ukutani kikichora mstari, viroba vikapasuka, mchanga ukajaa mpaka mlangoni. 

Chokaa ndiye aliyesema kwanza, kutoka kwenye mkokoteni. "Hivyo hivyo. Ilikuwa hivyo hivyo."

Msimamizi akamgeukia. "Kwa hiyo hukuwa unacheza?"

"Nilikuwa naimba. Tangu lini watu wanacheza kwa koo?"

Nikawaambia wote, kwa sauti, kwamba aliyemwangusha mtu huyu ni mimi na vyuma vyangu. Msimamizi akaniuliza kama najua ninachosema mbele za watu. Nikamwambia, "Mimi yangu nimesema. Sasa sema na wewe, kwa sauti ile ile uliyotangazia kwamba alicheza." Ikamchukua muda, mzee yule shingo yake ni ngumu kama mti wa mninga. Lakini alisema. Akamwomba radhi mbele ya waashi, akamwambia kazi ya kuchanganya rangi inafanywa kwa kukaa kitini, na kiti kipo.

Chokaa hajanisamehe. Anazungumza nami, lakini kama mtu anavyozungumza na karani. Nakubali. Namsukuma kwa mkokoteni kwenda ukumbini kila asubuhi, na jioni namrudisha, na njiani hatusemi sana. Jana alinisahihisha ninavyoshika mpini. Nimeona ni hatua.

Sasa ngazi. Nimezifuata kila nilikouza. Nang'oa chuma, napiga raba ya tairi kuukuu. Nimeijaribu raba kwenye kigae: haikuteleza mpaka sentimita ishirini na nne kwa arobaini. Piga mwenyewe hiyo hesabu, mimi nimeshaipiga. Si wote wamefurahi. Mwenye duka la vitambaa aliniambia, "Ngazi yangu haina tatizo, usiniletee uchuro." Nikakaa mlangoni kwake mpaka akachoka. Bibi mmoja alinipa chai akaniuliza kama navua viatu vya ngazi kwa sababu inaingia ndani.

Zote nimezipata isipokuwa moja. Iliuzwa kwa mfanyabiashara wa magodoro mwenye lori. Nimemtafuta mpaka nimempata, naye anasema aliiuza kwa mwanamke mwenye kiwanda kipya cha mikate, nyuma ya stendi, mji huo huo wa chuo chako. Mimi nikianza safari leo nitafika baada ya siku nyingi, barabara imekatika kwa mvua, na waya za simu pia. Gari la barua halichukui abiria, lakini linazunguka kwa njia nyingine, litafika kabla yangu. Nenda wewe, mke wangu. Tangu nijue iko huko silali. Nikifumba macho naona sakafu nyeupe.

Hujaniambia kama umefaulu. Sistahili kuuliza, lakini nauliza.

Mumeo,
Fundi


Chuoni, 16 Mei

Fundi wangu,

Mwandiko huu mbaya usikutishe, ni kidole gumba. Nitakueleza.

Barua yako nimeipokea leo, kipindi cha pili kikiendelea. Niliisoma chini ya meza kama mtoto mkorofi. Nilipofika kwenye kiwanda cha mikate nikasimama. Mkufunzi akasema, "Bibi, kuna tatizo?" Nikamwambia, "Kuna ngazi." Nikatoka. Nadhani bado wanajadiliana.

Nyuma ya stendi nilikifuata kile kiwanda kwa pua. Mlango wazi, ndani joto, sakafu ya vigae vyeupe kama ulivyoiona. Lakini kuna kitu hukukiona wewe, na mimi sikukiweka kwenye hesabu: unga. Sakafu nzima ina vumbi la unga, laini kama poda. Mguu wangu wa kwanza tu uliteleza, nikashika fremu ya mlango.

Na ngazi yako ilikuwa imeegemea ukuta wa mbele, miguu inang'aa. Juu yake alikuwapo kijana wa kiume, anafuta masizi kwenye tundu la kutolea moshi. Nikahesabu vidato. Alikuwa cha saba, ananyoosha mkono, na mguu mmoja umeshanyanyuka kutafuta cha nane.

Nilitaka kupiga kelele nikajizuia, maana mtu akishtuka juu ndiyo basi. Nikavua viatu, nikaenda peku peku juu ya ule unga, nikaugeukia ukuta, nikaketi chini kabisa. Kisigino cha mguu mmoja nikakikaza kwenye mguu huu wa ngazi, cha pili kwenye ule. Mgongo wangu nikauegemeza kwenye meza ya kukandia, ambayo imejengewa sakafuni. Nikakaza kama anayejifungua.

Yule kijana akatazama chini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Teremka."

"Bado sijamaliza."

"Utamaliza. Teremka kwanza, taratibu, usirukie."

Mwenye kiwanda akatoka jikoni, mikono ina unga mpaka viwikoni. "Wewe mwanamke, unafanya nini sakafuni kwangu?"

"Nashika ngazi yako."

"Nani kakuambia inashikwa?"

"Ngoja kijana ashuke, nitakuonyesha. Nisipokuonyesha kitu, niite mwizi."

Wakatazamana wale, yule mama na kijana. Nadhani ni mwanawe, wana paji la uso moja. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini akamwambia, "Shuka." Alishuka, na kila alipokanyaga nilihisi ile ngazi ikinisukuma visigino, Fundi. Msuguano nimeuchora mara mia kwa mshale mdogo. Leo nilikuwa mimi ndiye mshale.

Alipofika chini nikaondoa miguu. Nikamwomba yule mama aweke mkono kwenye kidato cha juu anachokifikia, auvute chini kidogo tu, kama anayevuta pazia. Akavuta. Ngazi ikaondoka yote, ikalala sakafuni kwa kishindo, unga ukatutimukia.

Yule kijana akachuchumaa. Akagusa chuma kwa kidole, akagusa kigae.  Mama yake alimshika bega akaliminya sana, kisha akaniuliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Wewe ni nani?"

"Mke wa fundi aliyeitengeneza."

"Na umekuja kuniambia ni mbovu?"

"Miguu tu. Na nimekuja kuitengeneza. Una nyundo?"

Akanipa nyundo. Misumari yako, mume wangu, umeipiga kwa roho mbaya, haitoki. Kijana alinisaidia. Raba tulipata kwa mshona viatu wa stendi, na kwenye msumari wa mwisho nikajipiga kidole gumba, nikasema neno ambalo mwalimu hatakiwi kulijua. Tukafagia unga, tukaiegemeza upya. Nikapanda mwenyewe. Kidato cha tisa, cha kumi, nikagusa dari. Huko chini yule mama alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili, nami sikumwambia kwamba hakuna haja.

Niliporudi chuoni nikakuta matokeo yamebandikwa mlangoni kwa karani. Nimekuwa wa kumi na tisa kati ya ishirini na tano. Waliofaulu ni ishirini. Nimekaa juu ya mstari kwa unywele, lakini nimekaa, na sirudishwi.

Sasa sikiliza. Chokaa atakapokusamehe au asipokusamehe, endelea kumsukuma. Hilo ni lake, lina muda wake. Lakini la ngazi limekwisha. Hakuna hata moja iliyobaki huko nje. Ile sakafu nyeupe nimeifagia kwa mikono yangu, na yule kijana nimemwacha anakula mkate.

Lala, Fundi. Lala mpaka jua liwe juu.

Mkeo,
Mwalimu